Majemadari Waliokimbilia Ruvuma

Basi halisimami Mahiwa. Konda alinieleza hivyo tangu Lindi: Mtama wanashusha, Nyangao wanashusha, Ndanda wanashusha. "Sasa Mahiwa unatafuta nini, kaka?" Nikamjibu kwamba nataka kupaona tu. Alinikagua toka juu hadi chini, lakini tulipoiacha Nyangao nyuma akanigusa bega. "Ndiyo hapa hapa." Pembeni mwa lami palikuwa na mikorosho, nyumba za tofali, mama aliyepanga maembe kwenye ndoo ndogo, na watoto wa shule waliokuwa wakirudi nyumbani. Kabla sijapanga la kufikiri, tulikwishapita.

Hapo tulipopita kwa kasi ile, katika Vita Kuu ya Kwanza, kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, jeshi la Waingereza lilipoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa, wakiwemo Wanigeria walioletwa kutoka upande wa pili wa bara kuja kupigana vita visivyowahusu. Mjerumani aliyewapiga, Paul von Lettow-Vorbeck, alipoteza zaidi ya 500. Tofauti ni kwamba Mwingereza alikuwa na pa kuwatoa wengine, yeye hakuwa napo. Berlin walifurahi, wakampandisha cheo kuwa meja jenerali. Ujenerali ulimkuta na jeshi lililobaki kipande, risasi za kuhesabu, na njia moja tu iliyokuwa wazi: kupanda uwanda wa juu wa Makonde, kushuka upande wa pili, na kuvuka mto Ruvuma kwenda kwa Mreno.

Njia hiyo ndiyo iliyonileta kusini kwa mara ya kwanza. Mimi ni mtu wa pwani ya kaskazini, na kwa watu wa kwetu kusini ni korosho, vinyago na maneno ya utani. Lakini nilikuwa nimesoma mno habari za jemadari huyu, nyingi zikiwa zimeandikwa na watu waliomhusudu, na kila nilipomaliza kitabu nilibaki na swali lilelile. Wanaopenda tamthilia ndefu za kubuni, zenye falme na mazimwi, wanamjua vizuri jemadari wa namna hii: anaanza shujaa, anashindwa au anasalitiwa, kisha polepole anageuka kuwa mwovu wa kisa, na mtazamaji hajui ni sura ipi hasa alipogeuka. Aliyesoma *Makbeth*, ile tafsiri ya Samuel Mushi ya mwaka 1968, anamjua pia. Kwa Lettow nilitaka kujua pahali alipogeukia. Nilihisi ni huku juu.

Kuanzia Ndanda ukingo wa uwanda huo unakuandama mkono wa kushoto, ukuta mrefu wa kijani uliokatwa juu ukawa sawasawa. Misheni ya Wabenediktini ilianzishwa chini yake mwaka 1906, na hospitali yake hadi leo inavuta wagonjwa kutoka mbali. Nusu ya abiria walishukia hapo, wengine na magodoro.

Masasi ni mji wa majabali. Hakuna aliyeniandaa kwa hilo. Unatokea tambarare, mara miamba mikubwa ya kijivu imesimama katikati ya nyumba, Mkomaindo hapa, Mtandi pale, na mji umejipenyeza kati yake. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alifika hapa na kundi la watumwa walioachwa huru, akitaka kuwarudisha kwao Ziwa Nyasa; wengi waliona ardhi nzuri wakasema tunabaki. Mwaka 1882 Wangoni wakavamia misheni, wakaua na kuteka. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, ikachomwa. Mji huu umezoea wapita njia wenye silaha. Kwenye gesti niliyolala, mhudumu aliniuliza kama nimekuja mnadani, kwa kuwa ilikuwa Novemba na katika Novemba mgeni wa Masasi ama ni mnunuzi wa korosho ama ni mtu anayedai. Mazungumzo yote ya barazani yalikuwa bei: mnada wa wiki iliyopita, pesa zimeingia akaunti au hazijaingia, ghala la chama cha msingi limejaa. Nilipomtaja Lettow kwa mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai ya tangawizi, aliniuliza kama ni kampuni ya Wahindi.

Asubuhi nilipata Noah ya kwenda Newala, tumebanana kama kawaida, kuku miguuni. Barabara ya kutoka Mtwara hadi Masasi kupitia Newala ilikuwa ikitiwa lami kwa vipande, na palipobaki udongo ulikuwa bado ule mwekundu unaoingia hadi kwenye meno. Baada ya daraja la Mwiti gari linaanza kupanda. Kona, kona nyingine, dereva anabadilisha gia, hewa inabadilika, halafu umefika juu na juu ni tambarare tupu, mikorosho mpaka macho yanachoka.

Upande huohuo wa uwanda ndiko iliko Chiwata, ambako jenerali alikusanya kilichobaki, na Nambindinga, ambako aliamua. Ilikuwa katikati ya Novemba 1917. Waingereza chini ya van Deventer walikuwa wakimbana kutoka pande tatu. Akakaa na mahesabu yake: risasi zilizopo zinatosha watu wangapi? Chakula? Jibu likawa watu wachache kuliko aliokuwa nao. Basi akachagua. Wazima wakabaki safuni. Mamia ya majeruhi na wagonjwa, Wazungu na askari, pamoja na wale aliowaona wamechoka, wakaachwa wamsubiri Mwingereza. Akaendelea kupitia Kitangari na Newala na Wazungu kama 300, askari wapatao 1,700 na wapagazi 3,000.

Vitabu vinavyomsifu huiita hatua hii akili ya kijeshi, na kijeshi ilikuwa akili. Waliobaki Nambindinga yaelekea walikuwa na bahati kuliko walioendelea, maana Waingereza walikuwa na madaktari. Kinachonisumbua ni ile namba ya mwisho, wapagazi 3,000. Askari walikuwa na mshahara, hata kama ni wa ahadi, na walikuwa na heshima ya bunduki. Mpagazi alikuwa na mzigo. Wengi walichukuliwa kwa nguvu vijijini, na aliyetoroka akikamatwa alijua kinachomngoja. Bila wao jeshi lile lisingetembea hata hatua moja, kwa kuwa barabara za magari huku zilikuwa chache na mbung'o walikuwa wameua kila mnyama wa kubeba.

Kuna kisa cha siku hizohizo kinachoonyesha jinsi uwanda huu ulivyoonekana kutoka Ulaya. Tarehe 21 Novemba 1917, kutoka Jamboli nchini Bulgaria, Wajerumani walirusha chombo kikubwa cha hewa, Zeppelin iliyoitwa L59, ikiwa na tani kadhaa za risasi na dawa. Ilikusudiwa kufika hapa, Makonde, na kutorudi: kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo, kila kipande kingetumika. Ilivuka Mediterania na jangwa la Misri, ikafika Sudani, magharibi ya Khartoum, ndipo simu ya upepo ikaiambia irudi kwa sababu uwanda wa Makonde umeshapotea. Ilitua Jamboli tarehe 25 Novemba baada ya kusafiri karibu kilomita 6,800 kwa saa 95. Nilimsimulia kijana aliyeketi karibu nami kwenye Noah. Alicheka hadi kuku wakashtuka. "Yaani sisi hapa tunasubiri lami miaka yote hii, kumbe ndege ilishaanza safari 1917?"

Newala yenyewe imekaa ukingoni. Ukifika Shimo la Mungu unaona ardhi imekatika, na chini kabisa bonde la Ruvuma limelala kwenye ukungu wa joto, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Sikushangaa kwamba kila mwenye bunduki alipataka hapa. Mreno alikuwa amepanda mwishoni mwa Oktoba 1916, akaiteka Newala, akakaa mwezi mmoja. Wajerumani wakamzunguka, wakamkatia maji, akashuka usiku huku ameacha mizinga na malori. Kwa mtu anayejua Newala, neno lenye uzito hapo ni maji. Uwanda huu hauna mto wala kijito. Mvua ikinyesha inazama mchangani, na wanawake wa Kimakonde kwa vizazi walishuka magenge haya na mitungi kwenda kuyatafuta chini na kupanda tena. Mradi wa maji wa Makonde, unaosukuma maji kutoka visima vya Mitema karibu na Kitangari, ulianza miaka ya 1950, na bado siku mgao unapokatika ndoo hupanga foleni.

Watu walikubali taabu ile kwa sababu juu palikuwa salama. Wamakonde walijificha kwenye vichaka vya uwanda huu, vichaka vilivyosokotana hata mvamizi asijue pa kupenya, wakiwakimbia Wangoni na wauza watumwa. Sasa fikiria jeshi la maelfu linapanda mahali ambapo maji ya mtungi mmoja ni kazi ya asubuhi nzima ya mwanamke mmoja. Wanakunywa nini? Wanakula nini? Jibu ni kwamba walikula kilichokuwa ghalani na kilichokuwa shambani, na Waingereza waliokuwa nyuma yao wakala kilichobaki.

Nilipelekwa kwa mzee mmoja nyuma ya soko, mtu wa zaidi ya miaka themanini, fundi wa vinyago aliyeacha kazi kwa sababu ya macho. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, karibu, kaa kivulini." Hakuwahi kusikia majina ya majenerali. Bibi yake ndiye aliyekuwa akizungumzia wakati ule, na alichozungumzia ni muhogo. Watu walikuwa wakiufukia, wakilala vichakani, wakichimba ming'oko porini kama mwaka wa njaa. "Bibi alikuwa anasema, askari ni askari. Anayekula muhogo wako humuulizi bendera."

Nilipokuwa nikimsikiliza nilimkumbuka Ludwig Deppe, daktari wa Kijerumani aliyetembea na Lettow vitani. Mwaka mmoja baada ya vita alichapisha kitabu, na ndani yake alikiri kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala matupu na njaa iliyokuwa inakuja. Mtu wa ndani ndiye aliyesema. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba raia laki tatu walikufa katika koloni la Kijerumani kwa njaa na maradhi ya vita. Upande wa Waingereza, kwa hesabu zao wenyewe, wapagazi waliokufa wanakaribia 95,000. Sisemi haya ili kumtoa Mwingereza bila doa.

Tarehe 25 Novemba, siku ileile Zeppelin ilipotua Bulgaria, Lettow alivuka Ruvuma pale Ngomano na kuwaangukia Wareno waliokuwa wakijenga kambi. Kamanda wao, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa, na jeshi lililokuwa halina risasi likapata bunduki na risasi za kutosha mwaka mzima. Siku tatu baadaye mwenzake, Kapteni Tafel, aliyetembea kutoka Mahenge ili waungane, alijisalimisha upande huu wa mto pamoja na askari zaidi ya elfu moja kwa sababu ya njaa. Hawakukutana. Lettow alizunguka Msumbiji, akarudi, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, na akasalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kumaliza vita.

Kwao alipokewa kwa gwaride. Kisha akaanza kuanguka, na alianguka taratibu sana. Mwaka 1920 aliunga mkono jaribio la wanajeshi kuipindua serikali, lile la Kapp, akaondolewa jeshini. Lakini jina halikuondoka: kambi za jeshi zilipewa jina lake, mitaa ikapewa jina lake, na alipokufa Hamburg mwaka 1964 alizikwa kama shujaa. Mwaka huohuo bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake wazee waliokuwa bado hai huku kwetu. Malipo yale yalikuwa ya askari. Miaka mingi ikapita ndipo watu wa kwao walipoanza kuuliza alikuwa wapi mwaka 1904, wakajibiwa kwamba alikuwa msaidizi wa Jenerali von Trotha, yule aliyetoa amri ya kuwamaliza Waherero wa Namibia. Majina ya kambi yakafutwa, vibao vya mitaa vikashushwa. Ile sura ya tamthilia ambapo shujaa anageuka haikuwapo. Hakugeuka. Alikuwa mtu yuleyule kutoka Namibia hadi Nambindinga, na waliobadilika ni waliokuwa wakimtazama.

Ningeweza kurudi Masasi na hitimisho hilo, lakini mwenye gesti ya Newala alinitibulia. "Unamtafuta jenerali wa Kijerumani," alisema, "wakati wa kwetu yuko Luagala?"

Alimkusudia Machemba. Kila aliyesoma historia ya shule ya msingi anamjua: mtemi wa Kiyao aliyekaa Luagala, huku huku juu, na ambaye mwaka 1890 Hermann von Wissmann alimwita aje pwani kutii. Machemba alimjibu kwa barua ya Kiswahili. Kwa kifupi alimwambia kwamba haoni sababu ya kumtii, kwamba urafiki anaukubali, lakini uraia wa chini yake hapana, na kama Mjerumani ana nguvu basi na aje amkamate. Wakaja, na hawakumpata. Vichaka vilivyomficha Mmakonde vilimficha na yeye. Mwaka uliofuata wakafanya amani. Ilipokuja kodi ya nyumba akaikataa pia, na mwaka 1899 Wajerumani wakapanda na jeshi la kutosha. Machemba alikimbilia Ruvuma, akavuka, akaingia kwa Mreno.

Mto uleule, uwanda uleule, miaka 18 kabla ya Lettow. Nilicheka peke yangu kitandani. Waliomfukuza Machemba kwa njia ile walikuja kufukuzwa kwa njia ile. Katika maandishi ya Wajerumani alikuwa mhalifu na mwizi; katika vitabu vyetu ni jemadari wa kwanza wa uhuru wa kusini. Na Wissmann, aliyeandikiwa barua, alijengewa sanamu Dar es Salaam. Baada ya vita ikasafirishwa Hamburg, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968 isiinuliwe tena.

Ila vitabu vyetu navyo vimemwogesha Machemba mno. Alifanya biashara ya mpira na pembe, na pia ya watu. Wale waliojificha vichakani kumkwepa muuza watumwa walikuwa wakimkwepa yeye na wenzake. Barua yake ni ya kujivunia, naipenda, na ningefurahi kila mtoto aijue. Lakini mtu anaweza kukataa kutawaliwa huku akiuza majirani zake, na Luagala ilikuwa na yote mawili.

Nilikwenda huko kwa basi la Tandahimba, kisha bodaboda. Kwenye basi niliketi na mwalimu wa historia aliyekuwa na bahasha nene ya mitihani magotini. Nilipomwambia ninakokwenda alifungua bahasha palepale, akatafuta karatasi moja, akanionyesha swali: eleza sababu za Machemba kuwapinga Wajerumani. Wanafunzi karibu wote walikuwa wameandika yanayotakiwa, kukataa kodi, kulinda uhuru, kulinda biashara. Mmoja, kwa mwandiko wa kubanana, alikuwa ameandika kwamba Machemba hakutaka kulipa kodi kwa sababu alizoea kupokea.

"Umempa ngapi?" nikauliza.

"Sifuri. Haimo kwenye mwongozo wa kusahihishia."

"Mimi ningempa zote."

Mwalimu alirudisha karatasi ndani ya bahasha, akaikunja mdomo. "Wewe hujapata kuletewa mkaguzi, kaka yangu," alisema, na dereva akaanza kufunga breki kwa sababu mbele kulikuwa na lori la korosho lililokwama mchangani.